Mackay wa Usambiro na Fedha za Safari

Soma Luka 14:28–30.

Barua ya Henry Stanley kutoka Buganda, iliyoomba walimu wa Injili wapelekwe kwa Kabaka Mutesa, ilichapishwa London tarehe 15 Novemba 1875. Siku mbili baadaye mtu asiyetaka jina lake litajwe aliahidi pauni 5,000 kwa chama cha misheni cha CMS. Mwingine akatoa kiasi kama hicho, na mwishowe mfuko ukafikia pauni 24,000.

Kati ya wanane waliotumwa alikuwamo Alexander Mackay, fundi mitambo wa Uskoti, mwenye umri wa miaka 26. Kabla ya kusafiri, Aprili 1876, aliwaambia viongozi wa chama kwamba huenda katika miezi sita wangesikia mmoja wao amekufa. Habari hiyo ikifika wasikate tamaa, bali wapeleke mwingine mara moja. Wachangishaji wengi wangelificha neno kama hilo hadi sadaka ikusanywe.

Desemba 1877 wenzake wawili, Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mackay alipofika Kagehi, Usukuma, Juni 1878, alikuta mali ya misheni imerundikana ovyo: vyuma vya injini vimeshika kutu, vitabu, mabomba na herufi za kupigia chapa vimechanganyika pamoja. Mashua yao, Daisy, ilikuwa imeharibika. Sadaka za watu zilikuwa zimefika ziwani salama, lakini hapakuwa na mtu wa kuzitunza. Akaketi, akachambua kimoja kimoja, akaiziba mashua.

Huko Buganda alikuwa mhunzi, seremala, mpiga chapa na mwalimu. Mwaka 1887 Kabaka Mwanga alimfukuza, naye akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, si mbali na nchi ya dhahabu ya Geita. Hapo aliwafundisha Wakristo waliokimbia Buganda, akaendelea kutafsiri Maandiko. Aliwaandikia Waingereza kwamba fedha zielekezwe kwenye vituo imara vya kuwaandaa Waafrika wenyewe, kuliko kutawanya Wazungu mmoja mmoja mahali pengi. Hoja hiyo haikuwa na mvuto wa barua ya Stanley, ingawa ilikuwa na hekima zaidi.

Chama kilimshauri arudi nyumbani apumzike. Alikataa kuondoka kabla ya wa kumpokea kazi kufika. Homa ya malaria ilimuua Usambiro tarehe 8 Februari 1890, karibu miaka 14 tangu aondoke Uingereza, bila kurudi hata mara moja.

Maswali ya kujadili:

1. Kanisa la Shinyanga linapochangisha kwa ajili ya mahubiri ya hadhara kwenye machimbo ya Geita, ni kiasi gani kitengwe kwa ajili ya waongofu baada ya kwaya na mahema kurudi nyumbani? Nani atakitunza?

2. Wachangiaji waelezwe nini kuhusu hatari na gharama kabla hawajatoa ahadi zao?