Bibi Grace Hopper na Amri za Kompyuta

Grace Hopper alizaliwa mjini New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na umri wa miaka saba alifungua saa saba za nyumbani kwao ili aone zinavyokwenda, hata mama yake akamwachia moja tu ya kuchezea. Alisoma hesabu kwa bidii, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, na kwa miaka mingi alifundisha katika chuo cha Vassar.

Wakati wa vita aliomba kuingia jeshi la majini. Alikuwa mwembamba mno kwa sheria zao, lakini akaruhusiwa, na mwaka 1944 alipelekwa Harvard kuhudumia mtambo wa kuhesabu ulioitwa Mark I, wenye urefu wa futi 51. Mtambo huo ulipewa amri kwa matundu yaliyotobolewa katika utepe wa karatasi. Hata mitambo iliyofuata ilitaka amri za tarakimu na alama, ambazo fundi peke yake ndiye aliyezielewa.

Bibi Hopper aliona kwamba taabu ilikuwa hapo. Watu wa mishahara na wa bohari si watu wa alama, ni watu wa maneno. Basi kwa nini wasiandike tu jumlisha, linganisha au simama, na mashine yenyewe iyageuze maneno hayo kuwa tarakimu? Wakubwa wa kampuni yake walikataa, wakisema kompyuta haijui Kiingereza.

Yeye akawaonyesha kazi ile ile ikiamriwa kwa Kiingereza, kisha Kifaransa, kisha Kijerumani. Kwa mashine maneno yote ni alama tu. Mwenye haja ya jina lililo wazi ni mtu anayelisoma. Lakini wakubwa walishtuka kusikia kwamba mashine ya Kimarekani yafahamu lugha za kigeni, ikambidi aahidi kushika Kiingereza tu. (Laiti angaliwajaribia na Kiswahili!)

Hatimaye alishinda. Lugha yake ya FLOW-MATIC ilitumika, na ilipoanza kutungwa COBOL mwaka 1959 mengi yalichukuliwa humo. Wako mafundi waliolalamika kwamba maneno yake ni marefu mno, lakini mabenki yangali yakiitumia hata leo.

Alistaafu mwaka 1986, akiwa admeri mwenye umri wa miaka 79, akafariki tarehe 1 Januari 1992. Manowari moja ya Marekani imepewa jina lake.