Sultani Barghash na Jumba lake la Maajabu

Wamisionari wa Afrika walipoelekea Ziwa Tanganyika mwaka 1878, walipitia kwanza Zanzibar. Aliyetawala huko alikuwa Sultani Barghash bin Said.

Barghash alizaliwa karibu mwaka 1837. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870, yeye ndiye aliyerithi kiti. Miaka miwili baadaye kimbunga kikali kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuharibu meli zake.

Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Hakufanya hivyo kwa hiari. Waingereza walimtishia kukizingira kisiwa kwa meli za kivita. Huku barani misafara iliendelea. Karema, ambako mapadre walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885, waliokombolewa utumwani walikuwa miongoni mwa Wakristo wa kwanza.

Barghash alileta mjini maji safi ya bomba. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, jumba la sherehe lenye nguzo za chuma, baraza pana na milango mikubwa iliyochongwa. Muda si mrefu Wajerumani na Waingereza wakagawana bara, naye akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Alifariki Machi 1888.

Katika miaka ya 2000 jumba lilifanywa makumbusho ya watu wote, likiwa na mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba. Siku ya Noeli mwaka 2020 sehemu yake iliporomoka, mafundi wawili wakafa.

Je, tulisikitikie jumba hilo? Ndiyo, kwani ni kazi ya mikono ya watu, na vijana walijifunza humo. Lakini utajiri wa Zanzibar ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na watu waliouzwa. Haki inadai tuyataje yote mawili: uzuri wa jumba na jasho la wasiotajwa.

Seminarista anayerudi Ufipa likizo, na amuulize babu au bibi habari za misafara, aziandike. Hayo nayo ni makumbusho, na hayangoji sultani kuyajenga.