Tippu Tip na tajiri wake: Mali kauli katika njia ya Tabora

Historia ya njia ya misafara iliyotoka pwani hadi Tabora haiwezi kuelezwa bila kumtaja Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja mnamo mwaka 1837 hivi. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyelowea Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe.

Nyuma ya umaarufu wake alikuwapo mtu asiyeonekana njiani, Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Huyo ndiye aliyemkopesha vitambaa, shanga, bunduki na baruti kwa mali kauli, yaani bidhaa zilizotolewa kwa kuaminiana, zilipwe kwa pembe za ndovu msafara utakaporejea. Mwenye mali alibaki pwani. Mwenye safari alitokomea bara.

Kuelekea mwaka 1870, Tippu Tip alianza safari yake ndefu kuliko zote. Kutoka Tabora alishika njia ya kusini, upande iliko leo Wilaya ya Sikonge, akapitia Ugalla na hatimaye kuweka makao Kasongo, katika nchi ya Manyema. Mbung'o hawakuruhusu farasi kudumu katika njia hizo. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na barua nazo zilitembea kwa miguu, zikipokezanwa Tabora. Swali la tajiri lilipata jibu baada ya miezi mingi.

Taria angeweza kukata tamaa na kumhesabu mdaiwa wake kuwa ametoroka. Alisubiri. Hatimaye barua zake na za Sultani Barghash bin Said zilimfikia Tippu Tip zikimtaka arudi. Njiani alikuwapo Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa na uhasama na Waarabu wa Tabora tangu mwaka 1871. Tippu Tip alichagua wajumbe na zawadi badala ya vita, na pembe zikapita. Alifika Unguja mwaka 1882, baada ya takriban miaka 12.

Hata hivyo, uaminifu huo wa watu wawili ulikuwa na gharama iliyolipwa na wengine. Vijiji vilivamiwa na watu wakatiwa utumwani ili hesabu ya tajiri itimie.

Mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls, lakini bwana huyo mpya hakumwamini kama Taria. Aliondoka mwaka 1890. Baadaye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha.

Tippu Tip alifariki dunia Unguja mwezi Juni 1905. Nyumba yake ingali imesimama Mji Mkongwe. Tajiri na mkuu wa msafara wamebaki na majina. Wapagazi na mateka waliobeba deni lao mabegani, wengi hawakuandikwa popote.