Felix Hoffmann: Mjerumani aliyetupatia aspirini

Mama mmoja muuza dagaa, jirani yangu hapa Buterere, aliniuliza kama ni kweli aspirini huzuia saratani, maana alitaka kuanza kuimeza kila siku. Nilimjibu kwa kumsimulia habari za Felix Hoffmann.

Hoffmann alizaliwa Januari 21, 1868 mjini Ludwigsburg, Ujerumani. Alisomea famasia na kemia mjini Munich, na mwaka 1894 akaajiriwa na kampuni ya Bayer. Enzi hizo maumivu ya viungo yalitibiwa kwa asidi ya salisili, dawa iliyochoma tumbo. Inasimuliwa kuwa baba yake mzazi alishindwa kuivumilia.

Agosti 10, 1897 aliipachika asidi hiyo kipande kidogo kiitwacho asetili, akapata dawa safi iliyoingia sokoni mwaka 1899 kwa jina la Aspirin. Mwenzake, Arthur Eichengrün, alidai baadaye kuwa yeye ndiye aliyeiongoza kazi hiyo, na wanahistoria wanabishana hadi leo. Siku 11 baada ya aspirini, Hoffmann aliipachika mofini asetili ile ile, ikatoka heroini, ambayo imeangamiza wengi.

Alistaafu mwaka 1928 na kufariki Uswisi Februari 8, 1946, bila mke wala mtoto, na bila kujua dawa yake hufanyaje kazi.

Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kuwa aspirini huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe. Baadaye ilibainika kuwa ile asetili hubanduka na kung'ang'ania kimeng'enya kinachozitengeneza, kikashindwa kufanya kazi. Kemikali hizo hizo huchochea pia seli za saratani ya utumbo mpana kuongezeka.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulihusu watu 861 waliorithi hatari ya saratani hiyo. Waliomeza miligramu 600 kwa siku kwa miaka miwili au zaidi waliipata kwa uchache kuliko wenzao wasiopewa aspirini.

Lakini hao walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Aspirini inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuvujisha damu, na saratani iliyokwisha kuingia haiiponyi. Nilimshauri mama yule asiimeze kila siku bila kumwona daktari, na akiona damu chooni aende hospitali, si dukani.