Jocky Wilson: Mchimba makaa wa Scotland aliyeitikisa England kwa vishale vitatu

Scotland na England ni majirani wanaoishi chini ya paa moja la Ufalme wa Muungano, na kama ilivyo kwa majirani wengi, hakuna ushindi unaomfurahisha mmoja kama ule anaoupata nyumbani kwa mwenzake. Mwaka 1982, na tena mwaka 1989, Waskoti waliipata furaha hiyo kupitia mtu ambaye kwa kumtazama tu usingemdhania kuwa mwanamichezo. Alikuwa mfupi, mnene, hana jino hata moja la kuzaliwa kinywani, na mara nyingi alipanda jukwaani akitokwa na jasho kabla hata hajarusha kishale cha kwanza. Wazazi wake walimpa jina la John Thomas Wilson. Mashabiki walimwita Jocky.

Alizaliwa tarehe 22 Machi 1950 katika mji wa Kirkcaldy, ulioko mkoa wa Fife, kaskazini mwa hori kubwa la bahari linaloutenganisha mkoa huo na jiji la Edinburgh. Wanaosoma uchumi wanalifahamu jina la Kirkcaldy kwa sababu Adam Smith alizaliwa hapo mwaka 1723. Lakini Kirkcaldy ya Jocky haikuwa ya wanafalsafa. Ilikuwa ya viwanda, ya bandari, na ya migodi ya makaa ya mawe ambayo mahandaki yake yalipita chini ya sakafu ya bahari. Mamlaka ziliwaona wazazi wake kuwa hawafai kumlea, na sehemu kubwa ya utoto wake ikapita katika makao ya watoto yatima ilhali wazazi wenyewe walikuwa hai. Jambo hilo hakupenda kulizungumzia hata alipokuwa maarufu, na huenda ndilo linaloeleza mengi yaliyokuja kumpata baadaye, ingawa si haki kumfungia mtu maisha yake yote ndani ya utoto wake.

Mwaka 1966 alijiunga na jeshi la Uingereza, akalitumikia hadi mwaka 1968. Aliporudi uraiani alishika kazi yoyote iliyopatikana: alibeba magunia ya makaa na kuyafikisha majumbani, akafanya kazi ya kutayarisha samaki, kisha akashuka chini ya ardhi katika mgodi wa Seafield, uliokuwa hapo hapo Kirkcaldy. Jioni alikuwa baa. Na baa za Scotland za wakati huo, kama zilivyo baa nyingi za Nairobi, Kampala au Arusha hadi leo, zilikuwa na ubao wa vishale ukutani.

Kwa msomaji ambaye amepita karibu na ubao huo bila kuujua, mchezo wenyewe unaelezeka kwa maneno machache. Kitovu cha ubao kiko mita 1.73 kutoka sakafuni, na mrushaji husimama mita 2.37 kutoka hapo. Ubao umegawanywa vipande 20, kila kimoja na namba yake. Pete nyembamba ya nje huzidisha namba hiyo mara mbili, na pete ya ndani huizidisha mara tatu. Kila mchezaji huanza na pointi 501, hurusha vishale vitatu kwa zamu, na hupunguza hadi afike sifuri kamili. Ugumu wote umejificha mwishoni, kwani kishale cha mwisho lazima kiingie katika kitovu chenyewe au katika pete ya nje, ambayo upana wake haufiki hata ule wa kidole kidogo cha mtu mzima. Misuli haihitajiki. Kinachohitajika ni mkono usiotetemeka wakati ambapo mwili mzima unataka kutetemeka.

Mkono wa Jocky ulikuwa wa namna hiyo, japo namna yake ya kurusha haikumpendeza mwalimu yeyote. Wenzake walisimama wima, wakakunjua kiwiko taratibu kama mtu afunguaye mlango. Yeye aliutupa mwili mbele, akakipokonya kishale hewani kwa ghafla, na kuna nyakati ilionekana kama angeanguka kukifuata. Na bado kilifika kilikotakiwa.

Mwaka 1979, akiwa hana kazi, aliingia katika mashindano yaliyoandaliwa kwenye kambi ya mapumziko ya Butlins huko Ayr, pwani ya magharibi ya Scotland. Akashinda, akaondoka na zawadi ya kwanza, pauni 500. Kwa mtu aliyekuwa akiishi kwa msaada wa serikali, hizo zilikuwa fedha za kumfanya akae chini na kuhesabu upya maisha yake. Akaamua kuwa mchezaji wa kulipwa.

Wakati wake ulikuwa mwema. Ubingwa wa dunia wa wachezaji wa kulipwa ulikuwa umeanza mwaka 1978 tu, na televisheni ilikuwa imegundua kwamba mchezo huu unapigika picha vizuri: uso wa mrushaji upande mmoja, ubao upande wa pili, na kati yao kimya kinachofuatwa na kelele. Mamilioni ya watu walitazama. Waliowaona jukwaani walikuwa watu wa aina yao, wenye vitambi, wanaovuta sigara na kunywa bia katikati ya mchezo, mambo ambayo siku hizo hayakukatazwa. Kati ya wote hao, hakuna aliyefanana na mteja wa baa zaidi ya Jocky Wilson, na watazamaji walimpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Mabingwa wa mchezo wakati huo walikuwa Waingereza wawili. John Lowe, mtu mtulivu na nadhifu, alikuwa ameutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1979. Eric Bristow, kijana wa London mwenye maneno mengi na kiburi cha kufurahisha, aliuchukua mwaka 1980 na 1981. Januari 1982, katika ukumbi wa Jollees mjini Stoke-on-Trent, ndani kabisa ya England, Jocky alikutana na Lowe katika fainali na kumshinda kwa seti 5 kwa 3. Akawa Mskoti wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu zile pauni 500 za Ayr.

Moja ya mambo aliyoyafanya na fedha za ushindi ni kununua meno ya bandia, kwa kuwa alikuwa amepoteza jino lake la mwisho akiwa na umri wa miaka 28. Alikuwa mpenzi wa peremende tangu utotoni na mswaki haukuwa rafiki yake. Meno hayo mapya hayakumpa raha, na hakuyazoea. Mwaka huo huo wa 1982 ulileta vichekesho vingine: kikundi cha muziki cha Dexys Midnight Runners kilipokwenda kwenye kipindi maarufu cha muziki cha BBC kuimba wimbo unaomtaja Jackie Wilson, mwimbaji wa Marekani, picha kubwa iliyoning'inizwa nyuma yao ilikuwa ya Jocky Wilson wa vishale. Taifa zima likacheka. Ila mwaka huo haukuwa wa kicheko tupu katika nyumba yake. Mkewe alikuwa mzaliwa wa Argentina, na kuanzia Aprili hadi Juni Uingereza na Argentina zilipigana vita juu ya visiwa vya Falkland.

Baada ya hapo alikaa katika safu ya mbele kwa miaka mingi bila kuurudia ubingwa wa dunia. Alitwaa ubingwa wa Uingereza wa wachezaji wa kulipwa mara nne, miaka ya 1981, 1983, 1986 na 1988, na hakuna orodha ya waliotarajiwa kushinda iliyoliacha jina lake. Mwaka 1983 alitolewa katika nusu fainali ya dunia na Keith Deller, kijana ambaye hakuna aliyemtarajia na ambaye alikwenda kuwa bingwa. Mwaka 1984, katika nusu fainali nyingine, alishindwa na Dave Whitcombe kwa tofauti ya seti moja, na baada ya kishale cha mwisho akaanguka palepale jukwaani. Watazamaji wengi waliliona kama tukio la kuchekesha. Aliyekuwa akitazama kwa makini angeona pia mtu ambaye pombe, iliyokuwa sehemu ya umaarufu wake, ilikuwa imeanza kumdai.

Hapa ndipo hadithi ya Jocky inapokuwa ngumu kusimuliwa kwa kicheko. Uchezaji wake na unywaji wake vilikuwa vimefungwa pamoja. Alikunywa ili kuutuliza mkono, na watazamaji walitaka kumwona akinywa. Alivuta sigara nyingi kwa siku. Alicheza maonyesho ya vilabuni, usiku baada ya usiku, katika miji ambayo kila mteja alitaka kumnunulia bilauri moja bingwa wa dunia. Ni vigumu kukataa ukarimu wa namna hiyo, na yeye hakujaribu sana.

Kisha ikaja Januari 1989, katika ukumbi wa Lakeside huko Frimley Green, kusini mwa England. Mwaka uliotangulia mgodi wa Seafield, ambao alikuwa ameufanyia kazi, ulikuwa umefungwa moja kwa moja. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kufikisha miaka 39, na wengi walidhani siku zake zimekwisha. Katika fainali alipangiwa Eric Bristow, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara tano, ingawa tangu mwishoni mwa mwaka 1986 alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa ajabu wa mchezo huu, pale ambapo vidole vinakataa kukiachia kishale.

Jocky aliongoza kwa seti 5 kwa 0. Alihitaji seti moja tu. Ndipo Bristow akazinduka: 5 kwa 1, 5 kwa 2, 5 kwa 3, 5 kwa 4. Ukumbi uliokuwa ukijiandaa kushangilia ukaanza kunong'ona. Mtu aliyewahi kuwa mbele kwa kiasi hicho, kisha akasikia nyayo nyuma yake, anajua kwamba wakati kama huo anayekimbiza ana nguvu kuliko anayekimbizwa. Jocky alipoteza seti nne, lakini ya tano hakuipoteza. Akamaliza kwa 6 kwa 4, na Mskoti akawa bingwa wa dunia kwa mara ya pili, tena kwa kumshinda mtu ambaye wengi waliamini ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote wa zama hizo. Ingepita miaka minane kabla Mskoti mwingine, Les Wallace, hajatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1997.

Ushindi huo ulikuja wakati ambapo mchezo wenyewe ulikuwa unafifia. Televisheni zilizoupandisha zilikuwa zimeanza kuuacha; ule ubingwa wa Uingereza alioutwaa mara nne haukuchezwa tena baada ya mwaka 1988. Wachezaji wa kulipwa walibaki na mashindano machache na mapato madogo. Wakalilaumu shirikisho lao, na mwaka 1993 kundi la wachezaji 16, wakiwemo mabingwa wa dunia, likajitenga na kuunda njia yake. Jocky alikuwa mmoja wao. Mgawanyiko huo ndio uliozaa mashindano ya kitajiri tunayoyaona leo, yenye kumbi za maelfu ya watazamaji. Lakini matunda yake hayakuiva mapema. Jocky alishiriki mashindano ya kwanza ya dunia ya kundi hilo jipya, ila hakufika mbali.

Afya ilikuwa imemwacha. Aligundulika kuwa na kisukari, na daktari akamkataza pombe. Desemba 1995 aliacha mchezo ghafla, bila sherehe na bila hotuba. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameishi Wallsend, kaskazini mashariki mwa England. Sasa akarudi Kirkcaldy. Mwaka 1998 alitangazwa mufilisi. Bingwa mara mbili wa dunia, mtu ambaye michezo ya kompyuta iliuzwa kwa jina lake, akawa anaishi kwa posho ya walemavu katika nyumba ndogo ya chumba kimoja cha kulala.

Akafunga mlango. Waandishi wa habari walipiga hodi, wakarudi mikono mitupu. Marafiki wa zamani walituma salamu. Waandaaji wa mashindano walimwalika, na hakwenda. Baadhi ya magazeti yaliandika habari zake kama hadithi ya aibu, na hapo mwandishi wa makala haya anatofautiana nayo. Mtu aliyekulia katika makao ya watoto, kisha akaishi miaka 16 mbele ya kamera akichekwa kwa umbo lake, meno yake na kiu yake, alikuwa na haki ya kuamua nani aingie kwake. Hakuomba mchango wa mtu. Hakuuza masimulizi ya anguko lake, ingawa wanunuzi walikuwepo na fedha alizihitaji.

Desemba 2009 waandaaji walimheshimu kwa kuanzisha kombe lenye jina lake, Kombe la Jocky Wilson, lililochezwa Glasgow kati ya Scotland na England, wale wale majirani wawili. Scotland iliwakilishwa na Gary Anderson na Robert Thornton, England na Phil Taylor na James Wade. Waingereza walishinda. Mwenye jina hakuonekana ukumbini. Mwaka huo huo mapafu yake, yaliyoharibiwa na sigara, yalikuwa yamekwisha kumshinda.

Alifariki dunia nyumbani kwake Kirkcaldy tarehe 24 Machi 2012, siku mbili baada ya kutimiza miaka 62. Gary Anderson, aliyecheza kombe lile bila kumwona mwenyewe, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2015, akaurudia mwaka 2016.