Ahmad bin Majid: Mwalimu wa Bahari Aliyejifunza Chomboni

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tunawaletea mtu ambaye hakuwa kadhi wala mufti, bali mpimaji wa njia za bahari: Shihabuddin Ahmad bin Majid. Tumemchagua kwa sababu kila mwaka vijana wetu wa Temeke na Kinondoni humaliza kidato cha nne, kisha huuliza kazi ianzie wapi. Maisha ya mwanachuoni huyu yana jibu.

Alizaliwa Julfar, mji wa pwani ya Ghuba ambao leo uko katika eneo la Ras al-Khaimah, Falme za Kiarabu. Ilikuwa miaka ya 1430 hivi. Babu yake alikuwa rubani wa vyombo, na baba yake vilevile. Baba alitunga utenzi wa beti zaidi ya 1,000 kuhusu njia za Bahari ya Shamu, bahari yenye miamba mingi na hatari kubwa.

Chuo chake kilikuwa chombo chenyewe. Alijifunza kwa kukaa karibu na wajuzi, kutazama, kujaribu na kukosolewa. Kifaa kikubwa cha kazi kilikuwa kamali, yaani kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Rubani huushika uzi kwa meno na kukinyoosha kibao mbele ya jicho, mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Urefu wa nyota ulihesabiwa kwa isba, maana yake kidole. Chombo kikienda kaskazini moja kwa moja usiku na mchana, walihesabu kwamba nyota ya Jaa imepanda kidole kimoja. Kwa hesabu hiyo rubani alijua yuko wapi, ingawa haoni nchi kavu.

Lakini chombo kikivuka ikweta kuja pwani yetu, Jaa huzama chini ya upeo. Rubani aliyejua nyota moja tu angepotea. Hapo ilibidi kuzijua nyota nyingine, kama Farqadani na Na'ashi, na kujua saa ya kuzipima. Ibn Majid alizijua vizuri, na utenzi wake uitwao Sufaliya unaeleza njia ya kushuka pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala.

Jambo la kuzingatia ni namna alivyoutumia urithi wake. Aliipokea elimu ya babu na baba kwa heshima, lakini kila kipimo alikipima tena mwenyewe baharini. Palipokuwa na upungufu aliongeza, palipokosewa alisahihisha. Hata waandishi watatu maarufu waliomtangulia aliwataja kwa adabu, huku akieleza wazi kwamba walikusanya habari zaidi kuliko walivyosafiri. Kumheshimu mwalimu na kuhakikisha alichosema ni mambo mawili yanayokwenda pamoja.

Kisha aliandika. Mwaka 866 Hijriya (1462) alikamilisha utenzi wake Hawiya, na mnamo mwaka 895 Hijriya (1490) kitabu chake kikubwa, Kitabu al-Fawaid. Humo alieleza nyota, majira ya pepo, bandari, na dalili za kukaribia nchi kavu kama ndege na nyoka wa baharini. Kazi zake nyingi ni za tenzi ili mabaharia wazihifadhi kwa moyo, jambo ambalo wanafunzi wa madrasa mnalielewa vizuri.

Ndugu wasomaji, kuna tuhuma juu yake ambayo hatuwezi kuinyamazia. Wengi tumesikia kwamba ndiye aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498. Habari hiyo ilienezwa na mwandishi wa Makka, Qutbuddin al-Nahrawali, miongo mingi baada ya tukio. Wareno walioandika habari za safari ile hawakumtaja Ibn Majid, na baadhi yao walisema rubani alikuwa mtu wa Gujarat. Watafiti wengi wa leo hawaikubali tena tuhuma hiyo. Ni vibaya kumbebesha marehemu mzigo bila ushahidi. Alifariki mwanzoni mwa karne ya 16 hivi.

Athari ya elimu ile iko midomoni mwetu. Zamani rubani wa chombo aliitwa mwalimu. Jaa ni kaskazini na suheli ni kusini, yote kwa majina ya nyota. Na neno ramani asili yake ni rahmani, vitabu vya njia vya marubani hao.

Ramani bado zinahitaji watu. Mwaka 1956 shule ya upimaji ilianzishwa Mgulani, Temeke, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu Ardhi. Mwaka 2011 wanafunzi wa chuo hicho na wakazi wa Tandale walipita vichochoroni kuchora ramani ya mtaa wao, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukafanya hivyo katika kata nyingi za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Wengi walijifunza kwa kufanya: kushika kifaa, kuuliza wenyeji, kuhakiki, kuandika.

Basi kijana asione haya kuanza kwa kumbebea mpima ardhi vifaa na kutafuta bikoni majanini. Ashike hesabu, awe mwaminifu, kwani kipimo kikipindishwa hatua moja, jirani hudhulumiwa kiwanja chake. Wazazi nao wasidharau kazi ya mikono yenye elimu ndani yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ahmad bin Majid, na awape vijana wetu elimu yenye manufaa. Amin.