Cousteau: Aliyejaribu vifaa vya kuzamia kwa roho yake mwenyewe

Vifaa vya kuzamia baharini leo huuzwa kama bidhaa nyingine yoyote: mapezi ya kuvaa miguuni, kinyago cha kioo, mtungi wa hewa na kifaa cha kupumulia. Miaka zaidi ya 80 iliyopita, vitu hivyo vilikuwa vimetawanyika mikononi mwa watu mbalimbali, na vingine havikuwa vimebuniwa. Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuvikusanya, kuvijaribu kwa mwili wake na kuvitangaza duniani ni ofisa wa Jeshi la Majini la Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau.

Cousteau alizaliwa Juni 11, 1910, katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac. Ndoto yake ilikuwa kurusha ndege za jeshi. Mwaka 1936 ajali ya gari ilimvunja mikono na ndoto hiyo ikaishia hapo. Akiwa Toulon, bandari ya kusini mwa Ufaransa, alianza kuogelea ili mikono irudi katika hali yake. Ofisa mwenzake, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya majini. Alipotazama chini ya maji kwa mara ya kwanza, hakutaka tena kazi nyingine.

Miwani ile ilikuwa na kasoro. Kadiri mtu anavyoshuka, ndivyo maji yanavyoikandamiza miwani machoni, na hakuna njia ya kupunguza mkandamizo huo. Ndiyo maana wazamiaji waliihama na kutumia kinyago kinachofunika macho pamoja na pua. Mvaaji hupuliza hewa kidogo kwa pua, na mkandamizo hupungua. Mteja anayeletewa miwani ya kuogelea kwa jina la miwani ya kuzamia amepewa kitu kingine kabisa.

Mapezi nayo hayakutoka kwa Cousteau. Ofisa mwingine wa jeshi la majini la nchi hiyo, Louis de Corlieu, aliyasajili kama uvumbuzi wake mwaka 1933. Mmarekani Owen Churchill, aliyeshinda dhahabu ya mashua katika Olimpiki ya 1932, alipata kibali chake na kuanza kuyauza Marekani mwaka 1940. Faida ya mapezi ni kuiachia miguu kazi ya kusukuma mwili, mikono ikabaki huru. Lakini pezi linalobana huleta mkakamao wa misuli, linalolegea huchubua kisigino au huchomoka, na lenye bapa refu na gumu humchosha asiye na mapaja yenye nguvu. Hakuna pezi bora kwa kila mguu.

Tatizo kubwa lilikuwa pumzi. Kabla ya Ufaransa kuvamiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, Cousteau alijaribu kifaa cha kupumua oksijeni tupu, akiamini ni salama hadi mita 14 hivi. Mara mbili alishikwa na degedege akiwa chini ya maji na kupoteza fahamu. Aliponea chupuchupu. Oksijeni inayomponya mgonjwa hospitalini ilikuwa imegeuka sumu kwa sababu ya kina.

Mwishoni mwa 1942, Paris ikiwa chini ya Wajerumani, alikutanishwa na Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, ambako baba mkwe wake Cousteau alikuwa mkurugenzi. Petroli ilikuwa adimu, na Gagnan alikuwa ametengeneza valvu ya kuendeshea magari kwa gesi. Wawili hao waliibadili ili impe mzamiaji hewa pale tu anapovuta pumzi, kwa shinikizo lililo sawa na la maji yanayomzunguka.

Jaribio la kwanza, katika mto Marne karibu na Paris, halikuridhisha. Alipolala kifudifudi hewa ilikuja vizuri; aliposimama wima ilivuja ovyo, na alipoinamisha kichwa chini ikaja kwa shida. Walirudi karakana, wakahamisha tundu la kutolea pumzi likawa karibu na valvu ya kuingiza hewa. Kasoro ikaisha. Juni 1943, katika pwani ya kusini mwa Ufaransa, Cousteau alizama akiwa huru, bila kamba wala bomba la kumuunganisha na nchi kavu.

Hata hivyo, kifaa kizuri hakikutosha. Agosti 1946, Cousteau na mwenzake Frédéric Dumas walishuka katika chemchemi ya Vaucluse, pango refu lililojaa maji. Wakiwa karibu mita 45 chini akili zilianza kuwatoka, na ilibidi wavutwe kwa kamba iliyokuwa mikononi mwa Maurice Fargues, aliyebaki juu. Valvu, mapezi na vinyago havikuwa na hitilafu yoyote. Kosa lilikuwa kwenye kompresa iliyojaza mitungi: ilikuwa imevuta moshi wa injini yake yenyewe, na hewa ikachanganyika na sumu ya kaboni monoksaidi.

Mwaka uliofuata Fargues mwenyewe alifariki karibu na Toulon, katika jaribio la kushuka mita 120 kwa hewa ya kawaida. Katika kina hicho naitrojeni iliyomo hewani humlevya mtu. Leo mzamiaji wa starehe hushauriwa asivuke mita 40.

Biashara ilianza 1946, pale Air Liquide ilipounda kampuni ya La Spirotechnique kuuza vifaa hivyo. Umaarufu wa Cousteau ulikuja na meli yake, Calypso, iliyowahi kuwa kivuko kati ya visiwa vya Malta na Gozo. Filamu aliyopiga na wenzake hadi Bahari ya Hindi ilitwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Mwaka 1963 aliweka nyumba chini ya bahari huko Sha'ab Rumi, Sudan, ambako watu waliishi mwezi mzima wakiwa mita 10 chini ya maji. Mabaki yake bado hutembelewa na wazamiaji.

Cousteau alifariki Paris Juni 25, 1997, akiwa na miaka 87, akazikwa mjini alikozaliwa. Vifaa vimebadilika tangu siku zake, ila kilichomponza Vaucluse bado hakionekani kwa macho. Mtungi hugongwa muhuri wa tarehe ya kupimwa shinikizo. Hewa iliyomo haina muhuri. Mnunuzi makini huulizia pia kompresa iliyoujaza, na bomba lake la kuvutia hewa limeelekezwa wapi.